Mwalimu wa Jina Moja

Jumapili, 14 Oktoba 2012

Yi Yi Nwe amenipa notisi. Si kwa barua, kwa mdomo, na mdomo wenyewe umejaa pini za kushonea. Kasema mwezi mpevu ukipita anahamia kwa mama yake Pathein, yeye na cherehani yake. Angeondoka leo, ila watawa bado wamo ndani ya monasteri zao kwa msimu wa mvua, na katika miezi hii mitatu hakuna anayeoa wala anayehama nyumba. Nawashukuru watawa. Mwezi utapevuka tarehe thelathini. Nina siku kumi na sita.

Kosa langu ni nini? Eti nina miaka arobaini na mitatu na sina kazi yenye jina. Nikamwambia mimi ni mshauri. Akauliza nani amewahi kuja kuniomba ushauri. Sikuona faida ya kujibizana na mtu mwenye pini mdomoni, nikashuka kunywa chai.

Na bahati ilikuwa inaningoja huko chini. Ng'ambo ya mkahawa wa U Pho Thein kuna msichana anayeuza kalenda zenye picha ya Mama, yule kiongozi wetu wa upinzani. Mzungu mmoja mrefu, shati limemganda mgongoni kwa jasho, alikuwa akimuuliza kama anayo kalenda kubwa zaidi ya "Bi Kai". Msichana akamtazama kama mtu anayezungumza na wali mdomoni. Nikavuka barabara. Nikamsogelea yule Mzungu, nikamwambia sikioni kwamba jina la Mama ni Aung San Suu Kyi. Tunasema Aun San Su Chi. Hiyo Chi iwe fupi, kama chafya ndogo. Mbele yake unatanguliza Daw, maana yule ni mtu mzima, hatuokoti jina lake tu kama jiwe la njiani.

Akalijaribu mara tatu, ya tatu ikatoka safi. Karibu anikumbatie. Anaitwa Gordon Petherick, mkurugenzi wa mfuko wa maktaba. Tarehe ishirini na saba anafungua maktaba mpya mbele ya wageni mia tatu, na katika hotuba yake jina hilo limo mara nne. Kasema amekosa usingizi wiki nzima akihofia kulikosea. Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba mimi ni mtaalamu wa jina hilo hasa.

Nilijitambulisha kama U Tint Lwin. Hiyo U mtu hupewa na wengine akishaheshimika, hajipi mwenyewe. Lakini mgeni atajuaje?

Jumatatu, 15 Oktoba

Nimeenda ofisini kwa Bwana Petherick. Nimetoka na mkataba wa mdomo: niko kwenye majaribio mpaka siku ya hotuba. Jina likitoka vizuri mara zote nne, napewa kazi ya kudumu, Mshauri wa Lugha na Desturi. Meza, feni, na kitambulisho cha kuvaa shingoni. Niliona vile vitambulisho. Vina kamba ya bluu.

Kuna adui. Anaitwa Nay Htun, karani wa hapo, umri miaka ishirini na sita, amesoma Singapore na viatu vyake vinang'aa kiasi cha kujiona uso. Kazi hiyo anaitaka yeye. Aliniita kaka kwa adabu zote, kisha akaniuliza mbele ya watu kama ni kweli kwamba nimebobea katika neno moja. Nikamjibu kwamba ni maneno manne, matano ukihesabu Daw. Watu walicheka, sijui upande wa nani.

Fomu yao ina kisanduku cha jina la ukoo. Nikasema sina. Bwana Petherick akakunja uso, akauliza basi watu wanajuaje kwamba mimi ni mtoto wa baba yangu. Nikamwambia wanamuuliza mama yangu. Baba aliitwa Ohn Pe, mama anaitwa Khin Myint, mimi Tint Lwin, na tulikula chungu kimoja bila tabu yoyote. Yeye kasema hilo Petherick lilikuwa la babu wa babu yake, na kabla ya hapo la wengine wasiokumbukwa. Sijaacha kulifikiria jambo hili. Miaka mia tatu mnavaa shati moja kwa zamu! Na hakuna aliyewahi kuona kwamba halimkai?

Nay Htun akamaliza ubishi kwa kuniandika "Bwana Lwin". Mchana kutwa waliita Bwana Lwin, Bwana Lwin, na mimi nikaendelea kunywa maji nikingoja wampate huyo mtu.

Nimemweleza Yi Yi Nwe habari za kazi. Akauliza nani atakayemfundisha Mzungu. Nikasema mimi. Alicheka mpaka ikabidi ateme pini zote kwenye kiganja.

Jumatano, 17 Oktoba

Siku ya utafiti. Nilikaa mkahawani kwa U Pho Thein tangu asubuhi, daftari mkononi, nikisikiliza wageni wanaonunua kalenda na fulana. Kumi na tisa kwa jumla. Saba wamesema Kai. Wanne wamesema Kii, kwa kuvuta. Mmoja, Mfaransa nadhani, aliuanza mwanzo wa jina vizuri, akapotelea katikati, akaishia kuonyesha kwa kidole. Mama mmoja mwenye kofia alisema tu "huyu shujaa wenu", na huyo namheshimu kwa kujijua.

Kilichonishangaza ni kwamba karibu wote wanalikata. Na wanalikata mwishoni, wanabaki na kipande cha mkia: Bi Kyi. Nikajiuliza kwa nini mkia, kwa nini si kichwa. Halafu nikakumbuka shati la Bwana Petherick. Kwao, ukoo umekaa mwishoni, kwa hiyo wanadhani wameshika shina. Kumbe huo mwisho ni wa mama yake mzazi, mwanzo ni wa baba, katikati ni wa bibi. Ukisema Bi Kyi umemwita kwa kipande alichoazima kwa mama yake, ukamwacha mwenyewe amesimama mlangoni.

Nimeyaandika haya yote kwa wino. Ni ugunduzi mkubwa. Nilimsomea U Pho Thein, akaniambia mambo hayo anayajua hata mtoto wake wa darasa la pili. Lakini mtoto wake hajayaandika.

Ijumaa, 19 Oktoba

Somo la nne. Bwana Petherick amekomaa. Anasema jina zima, Daw mbele, Chi fupi kama chafya, hakosei hata mara moja. Tunafanyia mazoezi chumbani kwake, mlango umefungwa. Nimeanza kuangalia bei za feni ndogo za mezani, endapo ya ofisi haitanifikia vizuri.

Jioni nikajisifu mkahawani. U Pho Thein akainamisha kichwa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama Mzungu anaweza kweli kulisema. Picha yenyewe imetundikwa juu ya birika lake, kubwa kama mlango, na bado ananong'ona. Nikamcheka. Akasema nisimcheke, miaka ishirini ameendesha mkahawa huu na hajawahi kusikia mteja akilitaja jina hilo kwa sauti, isipokuwa mmoja tu, na huyo alichukuliwa, chai yake ikapoa mezani. Tulisema "Mama" tu, au "yule wa pembeni ya ziwa", kwa nyumba waliyomfungia huko, au tulinyanyua nyusi. Hata mimi nilikuwa wa nyusi.

Jumamosi, 20 Oktoba

Aibu. Aibu ya kwanza hadi ya mwisho.

Leo ilikuwa mazoezi ya hotuba mbele ya wafanyakazi wote, watu kumi na wanne, pamoja na fundi wa vipaza sauti. Bwana Petherick alianza vizuri, kifua mbele, sauti ya kutikisa madirisha: mabibi na mabwana, ni fahari kubwa. Akafika kwenye jina. Akashusha sauti ghafla mpaka kipaza sauti hakikusikia kitu. Akageuza shingo akatazama nyuma kushoto. Akalinong'ona jina, zima, safi, kila silabi mahali pake. Kisha akanyanyua kichwa, akaendelea kwa sauti ya kutikisa madirisha.

Mara nne hivyo hivyo. Mara ya tatu fundi alikwenda kukagua waya.

Nay Htun aliuma tai yake asicheke. Walipomuuliza, Bwana Petherick akashangaa, akasema anasema kama alivyofundishwa na Bwana Lwin, akidhani kule kushusha sauti na kutazama nyuma ni sehemu ya matamshi. Alikuwa ameandika kwenye daftari: shusha, geuka kushoto, sema. Watu wote kumi na wanne wakanigeukia. Nikasema sijawahi kumfundisha ujinga huo. Nay Htun akaniomba kwa heshima, kaka yangu, hebu litaje mara moja tutoe shaka. Nikalitaja. Wakaangua kicheko wote, maana nilikuwa nimetazama nyuma kushoto.

Nikamuuliza Yi Yi Nwe kama ni kweli nafanya hivyo. Hakusimamisha hata gurudumu la cherehani.

"Tangu unioe, Ko Tint. Nilidhani shingo inakuuma."

Bwana Petherick amenipa mpaka Jumamosi ijayo nimwondolee huo mnong'ono. Tumejaribu alasiri nzima. Akipaza sauti anarudi kwenye Kai, akisema Chi ananong'ona. Vimeshikana kama mayai mawili kwenye kikaango.

Jumapili, 21 Oktoba

Nimelala juu ya jambo hili na nimeamka nalo limeiva. Tatizo si jina la Mama. Tatizo ni langu. Mtu anayeitwa Bwana Lwin ni nani hata asikilizwe? Nay Htun ana Singapore na viatu. Mimi nina nini?

Hebu nilipange vizuri. Wazungu wanadhani kipande cha mwisho ni ukoo. Wanadhani Mama ni wa ukoo wa Kyi. Sasa, mtu akijiita Tint Lwin Kyi, watamdhania nani? Mpwa, angalau. Binamu. Nani atamfukuza kazi binamu wa Mama kabla ya hotuba inayomtaja Mama mara nne?

Na sitasema uongo hata neno moja. Mtu huku kwetu akichoka na jina lake analibadilisha kwa tangazo dogo gazetini, sheria haimzuii, majirani wanaguna siku mbili wanazoea. Kyi ni jina kama mengine, maana yake wazi, angavu. Ninalitaka kwa sababu mimi ni mtu muwazi. Watakachokidhania wengine ni shauri yao.

Nimepeleka tangazo mchana huu kwa mtu wa gazeti anayefahamiana na U Pho Thein. Yi Yi Nwe sijamwambia. Nataka asome mwenyewe.

Jumanne, 23 Oktoba

Limetoka! Ukurasa wa kumi na moja, kati ya mtu aliyemkana mwanawe na mtu aliyepoteza leseni ya lori: "Maung Tint Lwin, mtoto wa U Ohn Pe, mkazi wa mtaa wa Pazundaung, kuanzia leo aitwe Tint Lwin Kyi." Hiyo Maung ni cheo cha kijana, gazeti limeniwekea; hata Ko ya mke wangu ina heshima kuliko hiyo.

Nilifika ofisini na gazeti kwapani, likiwa limekunjwa kwa bahati mbaya kwenye ukurasa huo huo. Nikampa mtu wa kuandika vitambulisho. Kabla ya saa sita Bwana Petherick aliniita, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya heshima kama mimi na Daw Aung San Suu Kyi ni jamaa. Na alinong'ona, maskini, ndivyo nilivyomfundisha. Mimi nikatabasamu tu. Nikajifunga upya longyi yangu, kikoi chetu, kiunoni, polepole, kama mtu mwenye mengi ya kuficha. Akasema anaelewa, hataniuliza zaidi.

Saa nane nimehamishiwa meza ya dirishani na kuvishwa kamba ya bluu. Nay Htun kaninunulia chai, kaiweka mezani kwa mikono miwili. Habari ya mnong'ono hakuna aliyeikumbuka tena.

Yi Yi Nwe alikuwa amelikata tangazo kwa mkasi wake wa kukatia vitambaa. Nilidhani kalihifadhi. Kumbe kalituma kwa mama yake Pathein, ili kule wajiandae kwa kumpokea mapema.

Alhamisi, 25 Oktoba

Ningependa siku ya leo iondolewe kwenye kalenda, hata kwenye zile za ng'ambo ya barabara.

Saa tatu asubuhi niliitwa. Bwana Petherick alikuwa na kitabu cha kanuni cha mfuko wao mezani, na Nay Htun amesimama pembeni akijitia hamnazo. Kanuni ya nne: haajiriwi ndugu wa mwanasiasa yeyote, wala ndugu wa mkurugenzi. Waliofadhili maktaba hawataki upendeleo. Hiyo ya mkurugenzi hainihusu, nikairuka. Ya kwanza ndiyo iliyonichoma. Bwana Petherick alikuwa na huzuni ya kweli. Kasema kunipoteza mimi ni kupoteza hazina, lakini kwa mtu wa familia ile hana la kufanya.

Nikakana. Nikaapa kwamba mimi na Mama hatujuani hata kwa salamu. Akauliza, basi kwa nini nina jina la ukoo wao. Nikasema si la ukoo, sisi hatuna koo kwenye majina, nilimweleza siku ya kwanza. Akasema lakini limekaa mwishoni. Nikasema kukaa mwishoni si kitu. Akauliza kwa nini nililiongeza wiki hii hii. Nikasema kwa sababu mimi ni mtu muwazi. Dakika arobaini nilikuwa natoa ushahidi kwamba siitwi ninavyoitwa. Mwisho akanishika bega, akasema kwamba ndugu wa wanasiasa wote husema hivyo hivyo.

Nay Htun ndiye aliyempelekea kitabu. Na Nay Htun ndiye atakayemfundisha jina kuanzia leo. Nilivua ile kamba ya bluu mwenyewe. Niliivaa siku mbili.

Nimetembea mpaka pagoda ya Sule na kurudi kwa sababu sikutaka kufika nyumbani. Nasema kweli, kazi naweza kuikosa, nimezikosa nyingi. Ila nilipofikiria chumba kile bila mlio wa cherehani, nikaupita mlango wetu nikaendelea kutembea. Miaka kumi na saba nimelalamikia mlio ule.

Ijumaa, 26 Oktoba

Nilikuwa bafuni, nywele zina sabuni, nikasikia hodi. Sauti ya Bwana Petherick! Nilikuwa nimesahau mwavuli wangu ofisini, na yeye, badala ya kumtuma mtu, ameuleta mwenyewe ghorofa ya tatu. Nikabaki pale pale. Mtu hakabiliani na mkurugenzi akiwa na povu.

Nikasikia akimwomba samahani mke wangu kwa yaliyonipata. Kisha nikasikia Kiingereza. Kizuri, kilichonyooka, hakina haraka. Ilinichukua muda kutambua kwamba ni cha Yi Yi Nwe. Alikisomea miaka miwili chuoni, mpaka chuo kikafungwa na wanafunzi wote wakarudishwa makwao. Nilikuwa nimesahau kabisa. Mimi nilijifunza kwa redio, basi nikadhani redio imemshinda.

Akamwambia: mimi naitwa Yi Yi Nwe. Mama yangu anaitwa Mya Sein. Mume wangu anaitwa Tint Lwin, hata akijiita vingine wiki hii. Watatu sisi, hakuna aliyemwazima mwenziwe hata herufi, na ni familia. Bwana Petherick akavuta kiti akaketi. Halafu akakiri kwamba Nay Htun anamfundisha kusema "Madam Suu" ili yaishe, na yeye roho haimpi. Alitaka kulisema lote. Kesho ndiyo siku, na bado ananong'ona.

"Umefundishwa kama mtu anayejificha," mke wangu akamwambia. "Si kosa lako, na si kosa la mume wangu sana. Sasa litaje jina lile kama unavyomwita shangazi yako aje mezani, chakula kinapoa."

Akaanza kukanyaga cherehani na kumwambia aseme sambamba nayo, apande juu ya mlio wake. Mara ya kwanza hakusikika. Mara ya pili akasikika kidogo. Alipolisema mara ya sita lilitoka zima, Daw na vyote, likapita dirishani likaenda barabarani. Nikasikia madirisha ya jirani yakifunguliwa.

Nitaandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nywele zilinisimama ndani ya sabuni. Sijawahi kulisikia jina lile kwa sauti ile kutoka nyumbani kwangu. Niligeuka nyuma kushoto kutazama nani anakuja. Kulikuwa na ndoo. Basi nikakaa juu ya ukingo wa pipa nikalia kidogo, labda kwa povu.

Jumamosi, 27 Oktoba

Mimi sikualikwa. Nilisimama nje ya uzio wa maktaba, na mwavuli wangu. Yi Yi Nwe alikaa mstari wa pili, amevaa ile blauzi ya kijani aliyoishona mwenyewe kwa ajili ya harusi ya dada yake.

Mara nne. Zote nne, bila kushusha, bila kugeuka. Baada ya ile ya kwanza watu walitazamana, kwa sababu sisi wenyewe hatujazoea, kisha wakapiga makofi mpaka wauza samosa walioko nje wakapiga pia. Mzee mmoja kando yangu alikuwa akilirudia polepole kwa sauti yake mwenyewe, kama anayeonja mchuzi. Nilimwambia mimi ndiye niliyemfundisha yule Mzungu. Akanipa mkono.

Jioni Bwana Petherick alikuja tena ghorofa ya tatu. Kazi ile ya Mshauri wa Lugha na Desturi amempa mke wangu. Meza, feni, kamba ya bluu. Nay Htun atakuwa chini yake.

Jumanne, 30 Oktoba

Mwezi mpevu. Mishumaa kila dirisha, watoto wanakimbia na fataki. Msimu wa watawa umekwisha, mwenye kuhama anaruhusiwa kuhama. Tangu asubuhi nilikuwa nikiitazama ile cherehani bila kuuliza.

Saa kumi na mbili akainuka, akaisukuma. Nikausogelea mlango kuuziba. Kumbe anaisogeza kwenye kona ya dirisha kwa kuwa sasa atashona Jumapili tu na anataka mwanga. Nikamuuliza, na Pathein? Akasema Pathein tutakwenda wote Desemba, kumsujudia mama yake kwa desturi yetu na kumwomba radhi, hasa mimi. Akaongeza kwamba asidhaniwe anabaki kwa sababu yangu. Anabaki kwa sababu ofisi iko karibu.

"Na utarudisha jina lako, Ko Tint," kasema. "Nililozoea kuligombeza ni lile."

Nimefurahi mno. Nimekwenda kumtangazia U Pho Thein kwamba mpango wangu umefaulu, ingawa kwa mlango wa nyuma.

Jumatano, 31 Oktoba

Yi Yi Nwe anaanza kazi kesho. Leo ametoka kununua viatu, ameacha fomu yake mezani tayari kwenye bahasha iliyo wazi. Aliniambia nisiiguse. Niliigusa ili kuhakikisha haina makosa, kwa kuwa katika mambo ya fomu za Wazungu mimi ndiye mwenye uzoefu nyumba hii.

Na kweli, kuna kosa. Kisanduku cha jina la ukoo amekiacha kitupu. Kitupu kabisa, kama mtu asiye na kwao! Watamdharau, kama walivyonidharau mimi. Kwanza nilifikiria Kyi, lakini si mjinga, hilo limeshaniponza mara moja. Jina la mwanasiasa halifai. Linatakiwa jina tulivu, la zamani, ambalo hakuna mtu pale ofisini atakayethubutu kulichezea, hasa Nay Htun.

Dakika kumi nilifikiri, kisha likanijia lenyewe. Nimeandika kwa wino, herufi kubwa, mwandiko wangu mzuri: PETHERICK. Nimeifunga bahasha kwa gundi nikairudisha mahali pake. Sitamwambia kitu. Aione kesho ofisini, iwe zawadi yangu kwake.